Kabla ya Kukata Bima ya Maisha, Isome Fomu Wewe Mwenyewe

Wiki hii nimepokea ujumbe wa dada mmoja wa Singida, mfanyabiashara wa alizeti, akiniuliza kama akubali bima ya elimu ya watoto aliyoletewa na wakala hadi dukani kwake. Anasema ada hulipwa kila mwezi, na baada ya miaka kadhaa fedha hurudi pamoja na faida. Maswali ya namna hii nimekuwa nikiulizwa tangu majirani walipojua kwamba kampuni ya bima ilinilipa mafao ya marehemu mume wangu, kwa hiyo namjibu hapa ili na wazazi wengine wenye nia kama yake wasome.

Mume wangu alikuwa seremala hapa Morogoro, nami ni fundi cherehani. Mtumishi wa umma hukatwa asilimia 3 ya mshahara wake na mwajiri huongeza asilimia 3 nyingine kwenda Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, lakini sisi tuliojiajiri, kila shilingi ya kinga yetu hutoka katika fedha ileile inayonunua unga na kulipa kodi ya fremu. Tulianza na Mfuko wa Afya ya Jamii, ambao kwa Sh 30,000 kwa mwaka ulihudumia kaya ya watu wasiozidi 6, kisha tukafikiria bima ya maisha.

Wakala aliyekuja alikuwa mchangamfu na mwenye haraka. Fomu ya maombi iliuliza kuhusu shinikizo la damu, kisukari, upasuaji na dawa zinazotumika, na mume wangu alikuwa ameshaanza kumeza dawa za presha. Wakala akatushauri tujibu "hapana" katika maswali yote, kwa maelezo kwamba jibu la "ndiyo" lingepandisha ada na kuchelewesha hati. Nilikataa. Nilichukua kalamu, nikajaza fomu mwenyewe huku mume wangu akinitajia majina ya dawa, na kabla ya kuiwasilisha nikaitoa nakala. Ada ilipanda kweli, na mume wangu akapelekwa kupimwa. Nyumbani kwao nikaambiwa kwamba namtabiria mtoto wa watu kifo, na maneno hayo yakarudiwa msibani, nikiwa nimekaa kwenye mkeka. Mpaka leo yananichoma.

Alifariki kwa kiharusi. Kampuni iliandika kwamba inachunguza madai kwa sababu kumbukumbu za hospitali zilionyesha kuwa marehemu alikuwa mgonjwa wa presha kabla ya mkataba. Nikawapelekea ile nakala ya fomu, yenye ugonjwa wake, dawa zake na saini yake, na baada ya hapo hawakuwa na hoja. Walilipa kiasi chote kilichoandikwa katika hati, nami nimesomesha watoto wangu kwa fedha hiyo bila kumpigia mtu magoti.

Ninaeleza haya kwa urefu kwa sababu ndiyo sehemu ambayo mawakala wengi huipita haraka. Mkataba wa bima hujengwa juu ya ukweli wote kusemwa mwanzoni, kwa kuwa kampuni hupanga ada kwa kutegemea majibu yako, na ikigundua baadaye kwamba ulificha jambo kubwa inaweza kuyakataa madai. Wakala aliyekushikia kalamu hatakuwepo siku hiyo. Saini ni yako.

Jambo lingine ni jina la mnufaika, yaani mtu atakayelipwa fedha mwenye bima akifariki. Baada ya mazishi kikao cha ukoo kilianza kuzigawa fedha za bima kabla hata cheti cha kifo hakijatoka RITA, ofisi inayosajili vizazi na vifo. Jina langu na majina ya watoto yalikuwa yameandikwa katika hati, kila mmoja na asilimia yake, na kampuni ikamlipa aliyeandikwa. Mke ambaye hajui kama ameandikwa au hakuandikwa anapaswa kuuliza leo, mumewe akiwa hai na mwenye afya, na wala asione haya.

Sasa nirudi kwa mdogo wangu wa Singida. Bima ya elimu ni mkataba wa muda mrefu ambamo sehemu ya ada hununua kinga ya kifo, sehemu huwekwa akiba, na sehemu hulipia gharama za kampuni pamoja na kamisheni ya wakala, na gharama hizo huwa nzito zaidi katika miaka ya mwanzo. Ukisimamisha malipo mapema, unaweza kurudishiwa kidogo sana au usipate chochote. Mapato yako hufuata mavuno ya alizeti, kwa hiyo ada ya kila mwezi itakubana katika miezi ambayo mashine za kukamua zimelala. Uliza kama unaweza kulipa mara moja kwa mwaka baada ya msimu, na uombe jedwali linaloonyesha utarudishiwa kiasi gani ukiacha mwaka wa pili, wa tatu na wa tano. Wakala asiyeweza kukuletea jedwali hilo usimpe fedha.

Kama lengo lako hasa ni watoto wasikwame ukifariki, bima ya maisha ya muda maalumu, isiyorudisha fedha mkataba ukiisha, huwa na ada ndogo zaidi kwa kinga ileile. Kama lengo ni akiba, ipo mifuko ya uwekezaji wa pamoja kama ya UTT AMIS, ambako fedha za watu wengi huunganishwa na kuwekezwa, nawe unaweka kadiri unavyopata. Lakini kabla ya yote hayo kata bima ya afya, na uikate mkiwa wazima. Usajili wa mtoto mmoja mmoja kwa Toto Afya Kadi, yaani kadi ya bima ya afya ya watoto, uliokuwa Sh 50,400, ulisitishwa mwaka 2023, na mojawapo ya sababu zilizotolewa ni kwamba wazazi wengi waliwaandikisha watoto waliokwisha kuugua. Mfuko unaochangiwa na wagonjwa peke yao hauwezi kudumu, na sisi wazazi lazima tulikubali hilo.

Hakikisha kwamba wakala ana leseni ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, na ulipe moja kwa moja kwa kampuni, kamwe si katika simu ya wakala. Madai yakikataliwa, dai sababu kwa maandishi na uilalamikie kampuni yenyewe kwanza kwa barua. Usiporidhika, nenda TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambaye hamtozi mlalamikaji, ukiwa na nakala ya fomu, hati ya bima, risiti zote na barua ya kampuni.