Kabla Hujamwita Fundi, Vuta Filta Uitazame

Wiki hii msomaji mmoja kaniandikia: "Dada, filta, lile chujio la vumbi la mtambo wa hewa, nimeibadilisha mwenyewe, mume wangu akiwa safarini. Barafu iliyoganda ndani ya mtambo imeyeyuka yote na chumba cha watoto kimepoa tena. Sasa nieleze vizuri: niwe nabadilisha kila baada ya muda gani, na ninunue ya namna gani?"

Nimefurahi mno. Nimefurahi kwa ajili yake, na nimefurahi kwa sababu najua kinavyouma kusimama mbele ya mtambo ule huku kila mtu akikuona hujui kitu.

Maswali yake nitayajibu, lakini kwanza niseme yaliyonikuta mimi.

Nyumba tunayokaa ina mtambo mmoja kwa vyumba vyote. Wakati wa baridi unapasha joto, wakati wa joto unapoza, na hewa inasafiri kwenye njia zilizofichwa juu ya dari. Tulipohamia, msimu wa joto ndio kwanza umeanza, na hewa iliyotoka kwenye matundu ilikuwa dhaifu, haisukumi hata pazia. Tukaita fundi. Akafungua kifuniko, akakuta koili, yale mabomba yaliyojikunja yanayopoza hewa, na bomba la shaba vimeganda barafu, akasema gesi ya kupozea imekwisha na kompresa, pampu inayoisukuma gesi hiyo, nayo haina maisha marefu. Nikamuuliza kama ameiangalia filta. Hakunijibu mimi. Alimgeukia mume wangu akamwambia, "Mzee, hili si jambo la filta." Swali nimeuliza mimi, jibu anapewa mtu ambaye siku ile hakujua hata swichi ya mtambo iko wapi. Mpaka leo nikilikumbuka linanichoma.

Alipoondoka kwenda kutafuta gesi, nilizima mtambo, nikachukua bisibisi, nikafungua ule wavu mkubwa wa ukutani unaovuta hewa kutoka ndani ya nyumba. Filta iliyoachwa na waliotutangulia ilikuwa ya kijivu, imejaa vumbi na nywele za mnyama, imepinda katikati kwa jinsi feni ilivyoihangaikia. Niliinua dirishani, mwanga haukupita hata kidogo. Nikanunua mpya. Nikaweka themostati, kile kidude cha ukutani cha kurekebishia joto, kwenye feni peke yake, upozaji nimeuzima, nikangoja barafu iishe kabisa ndipo nikawasha. Matundu yalivuma! Na aliyempigia fundi simu kumwambia asihangaike na gesi alikuwa mimi.

Sababu yake haina uchawi. Koili inapoza kwa kunyonya joto la hewa inayopita juu yake. Hewa ikiwa chache, koili inapoa kupita kiasi, unyevu unaoishikilia unaganda, barafu nayo inazidi kuziba njia, na hali inakuwa mbaya kila saa. Msimu wa baridi kinyume chake hutokea: tanuri la mtambo linakosa hewa ya kubeba joto lake, linachemka mno, na swichi ya usalama inakata moto. Ndiyo maana unasikia mtambo unawaka, unazima, unawaka tena, na nyumba haipati joto. Bili nayo inapanda kimyakimya. Wizara ya Nishati ya Marekani inasema kuondoa filta iliyoziba na kuweka safi kunaweza kupunguza umeme unaoliwa na kiyoyozi kwa asilimia 5 hadi 15.

Basi zima mtambo kwanza. Nalisema hili kwa kila anayeniuliza na nitaendelea kulisema, kwa sababu feni ikiwa inazunguka wakati filta imetolewa, vumbi lote linanyonywa moja kwa moja hadi kwenye koili, na kusafisha koili ni kazi nyingine kabisa. Filta utaikuta nyuma ya wavu wa kuvuta hewa, ukutani au darini, au kwenye mwanya ulio kando ya feni ya mtambo wenyewe. Nyumba nyingine zina zaidi ya moja, kwa hiyo usiridhike na ya kwanza uliyoiona.

Kipimo kimeandikwa kwenye fremu ya kadibodi, kwa mfano inchi 16 kwa 25 kwa 1, hiyo ya mwisho ikiwa unene. Usishtuke ukipima kwa rula ukakuta pungufu karibu nusu inchi; namba inayoandikwa ni ya kukadiria, filta hutengenezwa ndogo kidogo ili iingie. Nunua yenye namba ileile. Usinunue ndogo zaidi kwa kuwa ndiyo iliyopatikana, maana hewa hufuata penye upenyo, na ukiacha mwanya pembeni vumbi litapita hapo kana kwamba hujaweka kitu.

Halafu mshale. Kwenye fremu kuna mshale unaoonyesha hewa inakokwenda, na lazima uelekee kwenye feni. Ikiwa filta iko nyuma ya wavu wa ukutani, mshale unaangalia ndani ya ukuta, usielekee chumbani. Mimi nimechora mshale mwingine kwa kalamu ya wino mzito pembeni ya mwanya, ili yeyote nyumbani asikisie. Na kwenye fremu ya filta naandika tarehe niliyoiweka.

Kuhusu namna ya kununua, hapa ndipo watu wengi wanapotoshwa. Utaona herufi MERV na namba. Ni kipimo cha ASHRAE, chama cha wahandisi wa mitambo ya joto na ubaridi chenye makao Marekani, na kinaanzia 1 hadi 16. Namba ikipanda, filta inakamata chembe ndogo zaidi. MERV 8 inatosha vumbi la kawaida, chavua na manyoya. MERV 13 inanasa angalau nusu ya chembe za mikroni 0.3 hadi 1 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na moshi umo humo, kwa hiyo kwa mwenye pumu ndani ya nyumba ni jambo kubwa. Lakini filta ya namba kubwa yenye unene wa inchi moja kwenye mtambo wenye feni dhaifu ni sawa na kumfunika mtu pua kwa blanketi ukamwambia akimbie. Soma kitabu cha mtambo wako kinaruhusu hadi namba ngapi. Ukitaka namba kubwa, heri filta ya inchi 4, kama mtambo una nafasi yake, kwa sababu mikunjo yake ni mirefu na hewa inapita kwa urahisi.

Muda? Ya inchi moja, itazame kila mwezi, na isizidi miezi 3 kabla hujaibadilisha. Ya inchi 4 au 5 hukaa miezi 6 hadi 12. Kama mna paka au mbwa, kuna ujenzi karibu, au moshi umetanda nje, punguza. Filta ya karatasi haifuliwi wala haipigwi vumbi ikarudishwa. Ile ya wavu wa plastiki kwenye viyoyozi vya ukutani ndiyo inayooshwa kwa maji ya vuguvugu na kuanikwa kivulini hadi ikauke kabisa.

Dada zangu, na kaka mnaosoma, msikubali kuambiwa kwamba hili haliwahusu. Hewa hiyo mnapumua ninyi na watoto wenu usiku kucha. Kabla ya simu, kabla ya fundi, kabla ya gesi, zimeni mtambo, vuteni filta, itazameni kwa macho yenu.

Na wewe uliyeniandikia, barafu ikirudi na filta ni mpya, matundu yote yako wazi, hapo ita fundi bila kuchelewa. Mwambie tarehe uliyobadilisha. Akisema gesi imepungua, mwambie atafute inakovujia kwanza, kwa sababu gesi ya mtambo inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa na haiishi kwa kutumika. Akiongeza bila kuziba, utamwita tena.