Jibu: Usisubiri janga liishe ndipo utafute msaada

Usifanye hivyo. Umeandika kwamba tangu habari za mlipuko wa ugonjwa zianze huna usingizi kwa wiki tano, moyo unakwenda mbio usiku, mwanao amegoma kwenda shule, na kwamba umeshauriwa usubiri mambo yatulie kwa sababu "kila mtu yuko hivyo". Maneno hayo manne ndiyo yaliyonila miezi kumi na mmoja wakati wa UVIKO-19, na nimeshindwa kuyasoma nikanyamaza.

Mimi niliyapata kwa mtu aliyekuwa akisambaza rekodi za sauti za kutuliza watu, sauti nzito, taaluma ya afya hana hata chembe. Alisema hofu ya wakati wa janga hupita yenyewe kama mafua. Nikamwamini, nikanunua kipima oksijeni cha kidoleni, nikakiita tahadhari. Kufikia mwezi wa tatu nilikuwa naamka saa tisa usiku, nakaa ukingoni mwa kitanda, nakivaa, nangoja namba nyekundu, asilimia ya oksijeni kwenye damu, itulie: 98. Nalala dakika kumi, naamka tena: 97. Hiyo moja imekwenda wapi? Usiku mmoja nilipima mara kumi na nne. Usiku mwingine kikasoma 89, midomo ikaanza kufa ganzi, nikakimbizwa chumba cha dharura nikiwa nimeshausia watoto.

Daktari alinisugua mikono tu, akapima upya: 98. Akanieleza kwamba kifaa kile hupitisha mwanga kidoleni, na kidole cha baridi kisicho na damu ya kutosha hukidanganya. Ganzi nayo ilitokana na kuhema haraka mno hadi kaboni dioksidi ikapungua mwilini. Alinishauri nimwone mtaalamu wa afya ya akili. Mwenye akili angeenda. Mimi nilibadilisha betri, na baada ya wiki mbili nikarudi palepale kwa shida ileile. Chekeni, mimi nimeshacheka.

Kisichonichekesha ni kwamba kwa miezi saba nilimkataza mama yangu mzazi asikanyage kwangu, hata pale masharti yalipolegezwa, naye akaishi akidhani amenikosea. Kazi niliyopoteza nilipata nyingine. Miezi ile hairudi.

Ndiyo maana yule bwana wa rekodi bado ananitia hasira. Shirika la Afya Duniani lilitangaza Machi 2022 kwamba katika mwaka wa kwanza wa janga hali za wasiwasi na sonona ziliongezeka duniani kwa takriban asilimia 25, vijana na wanawake wakiumia zaidi. Kwake, nina hakika, huo ungekuwa ushahidi kwamba ni kawaida. Ajali zikiongezeka, nani humwambia aliyevunjika mguu asifungwe plasta kwa kuwa wenzake ni wengi? Halafu, kusubiri hadi lini? Dharura ya kimataifa ilitangazwa 30 Januari 2020 na ikafutwa 5 Mei 2023. Ningefuata ushauri wake hadi mwisho, ningekuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda zaidi ya miaka mitatu.

Kanuni yangu ni moja: wiki mbili. Usingizi, hofu au huzuni ikikuvurugia siku kwa wiki mbili mfululizo, mwone mtaalamu, janga liwepo lisiwepo. Sikuitunga kichwani. Dodoso la maswali 9 nililojazishwa hatimaye kliniki, linalotumika kupima sonona, huuliza juu ya wiki mbili zilizopita. Haliulizi kama nje kuna mlipuko. Nilipoanza vikao vya tiba ya mazungumzo, jambo la kwanza nililoonyeshwa ni kwamba kila nilipopima nilipata nafuu ya dakika chache, na nafuu hiyo ndiyo iliyoifundisha hofu kurudi kudai kipimo kingine. Kifaa kikaenda kukaa kwa shemeji yangu. Taarifa za habari nikaziwekea saa moja tu, mchana. Usiku wa kwanza ulikuwa wa jehanamu, wa tisa nililala hadi alfajiri.

Wewe umeshapitisha wiki mbili mara mbili na zaidi. Ya mwanao na shule yana wajuzi wake humu, watakujibu. Mimi nataka kusikia kitu kimoja tu: miadi umepewa ya lini?