Leffe na Duvel: rangi isikudanganye

SWALI: Shikamoo mama. Nimetoka Mwanza, nasoma hapa Leuven, Ubelgiji. Nyumbani nilizoea bia ya Kilimanjaro, ya baridi. Wenzangu walininunulia Leffe Blonde, nikaiona ina kautamu ka asali. Juzi wakaagiza Duvel: rangi ile ile ya dhahabu, ila haina utamu kabisa, na nilipoinuka kwenda zangu miguu ikagoma. Kwani zinatofautiana nini?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole na miguu. Nimehudumia baa Antwerpen miaka mingi, na wageni wanaoagiza kwa macho ndio tuliokuwa tukiwaitia teksi. Rangi hiyo ni ya kimea cheupe tu, haikwambii ukali. Soma lebo: Kilimanjaro yako ina kilevi asilimia 4.5, Leffe 6.6, Duvel 8.5.

Leffe hubaki na utamu wa kimea, ndiyo maana ukaonja asali, na ukitulia utapata karafuu kwa mbali. Duvel, inayopikwa na Moortgat kule Breendonk, huongezwa sukari. Najua utashangaa: sukari inaongezwa, halafu bia inatoka kavu! Ni kwamba hamira huila sukari yote ikaigeuza kilevi na gesi, na kazi hiyo huendelea hadi ndani ya chupa. Kinachobaki ni chepesi mdomoni, kina harufu ya peasi na ganda la limau, kisha uchungu wa hopsi, yale maua yanayotia bia uchungu, unaofunga koo vizuri. Wepesi huo ndio mtego wenyewe, maana unakunywa haraka kama ya Mwanza. Na haikuzaliwa na rangi hiyo. Kabla ya 1970 Duvel ilikuwa bia nyeusi.

Usiinywe ikiwa ya barafu, harufu yote inalala. Inamisha glasi yake ile yenye tumbo, mimina taratibu chupa nzima kwa mkupuo mmoja, povu lipande hadi mdomoni mwa glasi, ila mashapo ya chini yaache kwenye chupa. Wapo wanaoyapenda, mimi naona yanaharibu.

Kama Leffe ni tamu mno kwako na Duvel ni kavu mno, agiza La Chouffe, ina giligilani. Lakini nayo ni asilimia 8, kwa hiyo kula chipsi kwanza, na baiskeli uiache nyumbani.