Maswali yenu: kufundisha watoto nyumbani, sisi wa Mwanza

Haya wapendwa, tangu nisimulie tulivyopasua sato jikoni na wanangu maswali yamekuja mengi kweli, nimechagua nane nijibu moja moja, kama lako halipo soma la mwenzio maana mengi yanafanana. Kwa wageni: mi nina wawili, wa kike ana miaka saba yuko shule, wa kiume minne bado tuko nae nyumbani, tunaishi Luchelele, ziwa tunaliona dirishani.

Dada habari. Mwanangu ana miaka 7, shule imenichosha, nataka nimtoe kabisa nimfundishe mwenyewe. Unashauri nini? (Mama, Buswelu)

Usimtoe mama. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inataka mtoto akifika miaka 7 awe ameandikishwa shule ya msingi na ahudhurie, na sera mpya imeenda mbali zaidi, elimu ya lazima sasa ni miaka 10. Mimi mkubwa wangu nilimfundisha nyumbani mpaka umri wa darasa la kwanza ulipofika, akaenda, mdogo ndo yuko kwenye hatua hiyo sasa, alafu jioni, Jumamosi na likizo zote tunaungana watatu. Huo muda ni mwingi kuliko unavyodhani. Kama shida ni shule yenyewe, kaongee na mwalimu mkuu, ikishindikana nenda kwa afisa elimu kata, hata kuhamisha hamisha, ila asikae nyumbani tu.

Nina watatu, miaka 4, 6 na 8. Nikikaa na mkubwa mdogo analia, nikishuka kwa mdogo mkubwa anaboreka. Niandae ratiba tatu? (Mama watatu, Nyegezi)

Ratiba tatu utachoka kabla ya Jumatano mama, nilijaribu mbili tu zikanishinda. Weka kitu KIMOJA katikati, wote wakizunguke, kila mtoto achukue kazi inayolingana na yeye. Hili nalisema kila siku na nitaendelea kulisema maana ndo lililotuokoa sisi.

Yule sato mnayemuulizia ilikua hivi. Nilimnunua mzima pale Mwaloni Kirumba, nikamwambia mama muuzaji asimpare wala asimtoe utumbo, akaniangalia sana lakini akanifungia. Nyumbani nikamlaza kwenye sinia. Mdogo kazi yake kugusa na kuhesabu, akahesabu miiba ya pezi la mgongoni akapotea mara tatu akaanza upya mwenyewe bila kuambiwa, mkubwa akachukua rula akampima, sentimita 27. Nikapasua tumbo mimi, kisu hakishikwi na mtoto. Sasa utumbo wa sato ni mwembamba kama uzi wa kufumia na umejizungusha mviringo, mkubwa akashika ncha moja akawa anauvuta taratibu, mdogo kashika ncha nyingine anarudi kinyumenyume, ukamaliza sinia ukaingia kwenye gazeti tulilotandika chini, haujaisha, ulikuja kukatika tumeshapita mita moja na nusu. Walikaa kimya wote wawili, na hao watoto kukaa kimya ni nadra.

Wiki iliyofuata nikaleta sangara mdogo, urefu karibu sawa na yule. Utumbo wake mfupi, na tumboni tukakuta dagaa wawili, mmoja bado anatambulika. Hapo sikueleza chochote, nikauliza tu kwanini wa sato ni mrefu hivi. Mkubwa akaja na majibu kama matano. Jioni yake mdogo akiwa anaoga ndo akasema "mama, huyu anakula majani". Na kweli, sato chakula chake kikubwa ni vijimea vidogo vidogo vya majini, vinachukua muda kusagika ndio maana njia ni ndefu, sangara anakula nyama haina kazi kubwa. Mkubwa akaandika sentensi tatu, mdogo akachora, samaki tukamla.

Jambo moja tu la kuangalia: mkubwa mpe nafasi ya kumwelekeza mdogo wake kidogo kidogo, itamsaidia kuelewa, lakini usimfanye mwalimu msaidizi siku nzima, nae ni mtoto na anataka cha kwake.

Mama shikamoo. Mimi naendesha bodaboda, mbugani sina hela ya kuwapeleka. Wanangu wana 5 na 7. Nianzie wapi? (Baba, Igoma)

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kuuliza, akina baba mnaouliza ni wachache. Anzia juu. Yani mwezi. Kila usiku kabla ya kulala watoke nje wachore walivyouona, karatasi moja kalenda ya siku 30, mkubwa aandike tarehe mdogo achore. Huku wakipita sokoni wawe wanauliza dagaa wabichi wapo au hawapo na kisado bei gani, wanaandika pembeni. Wavuvi wa dagaa wanavua usiku kwa taa, na taa inawavuta dagaa vizuri kukiwa na giza, mbalamwezi ikiwa kali inaharibu kazi na wengi wanapumzika. Usiwaambie! Acha kalenda iwaambie. Kwetu ilikua siku ya 18 hivi mkubwa alipokuja mbio na karatasi, "mama mwezi ukiwa mkubwa dagaa wanapotea", nilitaka kulia. Mzunguko mzima wa mwezi ni siku 29 na nusu, kwa hiyo vumilia mwezi mmoja, na ikiwezekana miwili ili wathibitishe kwamba haikua bahati.

Ukimaliza hiyo mna mawe. Watu wanatoka mbali kuja kupiga picha Jiwe la Bismarck alafu sisi tunapita na daladala hata hatuangalii. Nenda kwenye kilima chochote cha mawe hapo karibu na nyumbani, kaeni kimya dakika kumi, mtaona pimbi, na mtaona yule mjusi ambae dume lake lina kichwa na mabega rangi ya pinki na mwili wa bluu. Jina lake la kisayansi ni Agama mwanzae, limebeba jina la mji wetu, waambie watoto hilo uone watakavyojivuna. Kisha waulize jiwe kubwa vile lilipandaje juu ya mwenzie. Hakuna aliyelipandisha, ni granaiti iliyopasuka ikiwa bado chini ya udongo, pembe zikalika kidogo kidogo mpaka likawa duara, alafu mvua za miaka mingi sana zikaondoa udongo likabaki limekaa vile. Hapo hujatoa hata mia.

Naogopa kuwapeleka ziwani kwa ajili ya kichocho. Wewe unafanyaje? (Mama Pacha, Pasiansi)

Uko sahihi kabisa kuogopa, na naomba kila mzazi asome hapa. Kwangu maji ya ziwa hayaguswi. Hata kidole, hata "kidogo tu mama". Vijidudu vya kichocho vinatoka kwenye konokono wadogo wanaokaa kwenye majani ya kingoni, vinaogelea na kupenya ngozi ikiwa nzima kabisa bila kidonda, na wala huvioni kwa macho. Tunakaa juu ya jiwe kavu au gatini, tunaangalia, tunachora, tunahesabu mitumbwi. Kwenye boti au kivuko mtoto anavaa boya lake na mkono wake uko kwenye mkono wangu. Majaribio yote ya kuelea na kuzama tunafanya nyumbani kwenye beseni, maji ya bomba.

Na waelezeni watoto sababu, msiwatishe na mamba peke yake. Wangu nilimchorea mkubwa ule mzunguko, mtu, maji, konokono, maji, mtu, sa hivi yeye ndo anawakataza watoto wa jirani. Kama wako walishaoga ziwani huko nyuma nenda kituo cha afya waangaliwe, dawa ipo, na shuleni zikija zile za kumeza usimfiche mtoto.

Mama mkwe anasema nawachezesha tu, watoto hawashiki kalamu. Nimjibuje? (Mkwe, Kisesa)

Usimjibu, mpe kazi. Na wewe upo Kisesa, una hazina mlangoni, Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, aliyeyaanzisha ni Padri David Clement kutoka Kanada. Nendeni nae bibi, yeye ndo awe mwalimu wa siku hiyo. Kuna nyumba imejengwa kwa umbo la kiti cha mtemi, kuna ngoma za kitemi, na pale kuna sehemu inayoonyesha namna za kuhesabu moja mpaka kumi walizokua wanatumia Wasukuma wa marika tofauti. Bibi yetu alisimama hapo akaanza kuhesabu za kwao walipokua wasichana huku anapiga makofi, watoto wakamfuata, mkubwa akashtuka kwamba "ibili" na "mbili", "itano" na "tano" ni ndugu. Tangu siku hiyo kila Jumapili wanahesabu maharage kwa Kisukuma na bibi, na maneno ya kwamba tunacheza sijayasikia tena. Kalamu itashikwa, mwanao akiwa na cha kuandika ataitafuta mwenyewe.

Tuliwapeleka Saanane tukatumia hela nyingi, kurudi wanakumbuka biskuti na soda tu. Tulikosea wapi? (Wazazi, Nyakato)

Hata sisi mara ya kwanza ilikua hivyo hivyo. Mlitaka waone kila kitu. Nendeni na swali moja, na swali lizaliwe nyumbani siku tatu kabla. Safari yetu ya pili swali lilikua la mdogo: swala walifikaje kisiwani, wanajua kuogelea? Wakabishana siku tatu, kwenye boti wakamuuliza askari wa hifadhi wenyewe, akawakalisha chini akawasimulia kwamba pale palikua kwa Mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima, alafu mwaka 1964 pakafanywa bustani ya wanyama, wanyama wakaletwa, na mwaka 2013 pakawa hifadhi ya taifa, ndogo kuliko zote nchini, kilomita za mraba 2.18 tena ukihesabu na maji. Jibu wanalo mpaka leo. Tulikaa masaa mawili tu, tukarudi kabla hawajachoka. Na usiku ule ule kabla ya kulala wakamsimulia baba yao ambae hakwenda, hiyo kusimulia usiiache, hapo ndo mambo yanapokaa kichwani.

Kama boti ya Saanane ni ghali kwa sasa, pandeni kivuko cha Kamanga kwa miguu mwende na kurudi, swali liwe "chuma kinaeleaje?" Nyumbani wape kisoda, kikikaa mdomo juu kinaelea, ukikibonda kwa nyundo kikawa bapa unakitupia kwenye beseni kinazama. Uzito ni ule ule. Waache wagombane na hilo.

KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) unaanza lini na unatumia vitabu gani? (Mama, Mabatini)

Kwa minne sisukumi, tunaandika majina ya vitu vya jikoni kwenye vikaratasi tunabandika: sufuria, mwiko, ndoo. Dakika kumi na tano kwa siku zinatosha. Vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania vipo bure kwenye maktaba yao ya mtandaoni, nasomea simuni alafu nafanya kwa vitu halisi.

Masika hatutoki, watoto wanapanda makochi. Tufanye nini ndani? (Dada, Kirumba)

Uzi, mkasi na rula. Chukueni kila mita kumi za kina cha ziwa iwe sentimita moja. Ziwa letu pale penye kina kirefu ni kama mita 80, kwa hiyo katieni uzi wa sentimita 8, kidole tu. Watoto wangu walikataa, mkubwa alisema nimekosea kupima maana ziwa ni kubwaaa, na ni kweli ni kubwa, kilomita za mraba kama 68,800 tukiligawana na Uganda na Kenya. Kubwa kwa kutanda, siyo kwa kina. Alafu nikawaambia wakate wa Tanganyika, mita 1,470, uzi wa sentimita 147. Mdogo alishika rula mkubwa anavuta uzi, wanaweka alama ya peni, wanasogeza rula, wanaweka alama tena, ilichukua karibu nusu saa na mvua inapiga bati. Walipousimamisha ukawa unawapita wote wawili kwa urefu.

Tukaipigilia misumari nyuzi zote mbili nyuma ya mlango wa chumbani, ule mfupi na ule mrefu, vichwa vimelingana juu kama uso wa maji, na tangu hapo mdogo kila Jumamosi anasimama pale nimpime amefika mita ngapi za Tanganyika. Juzi alikua 1,020.