Lantana haifi kwa moto

Swali: Kikundi chetu kinatunza mteremko wa jamii karibu na Menengai. Kila kiangazi tunafyeka lantana, kile kichaka vamizi, na kuichoma, lakini mvua ikinyesha inarudi nene kuliko awali. Kuna jamaa anatuuzia mchanganyiko wa chumvi na oili chafu wa kumwaga kwenye visiki. Tununue?
Msomaji, Nakuru

Jibu: Msinunue. Na kiberiti nacho mkiweke kando.

Wanaoniuliza habari za lantana karibu wote huwa wameshachoma. Moto unaunguza majani na vijiti tu. Uhai wake uko kwenye fundo, pale shina linapokutana na mizizi, na udongo unalikinga. Fukueni kisiki kimoja kilichoungua mvua zikishaanza: juu mkaa mtupu, ubavuni machipukizi ya kijani. Tena mmeteketeza miche ya mitamaiyo (mizeituni ya mwituni) iliyokuwa ikijitafutia nafasi, na mbegu za lantana zilizoangushwa na ndege zimepata jua na ardhi wazi. Mmeipalilia lantana wenyewe!

Ngojeni mvua ilainishe udongo, kabla lantana haijazaa. Kateni mizizi chini ya fundo kwa sururu, ling'oeni zima, liachwe juani mizizi ikiwa juu. Anzeni palipo na vichaka vichache, mwende mkielekea palipofungana. Kwenye mteremko msisafishe kote kwa mpigo, udongo utateremka na maji. Ng'oeni kipande, pandeni nyasi na miti ya asili, kisha kingine. Mwaka wa pili mnarudi kung'oa machipukizi, na wa tatu pia. Hapo ndipo vikundi vingi hukata tamaa na kumsikiliza muuzaji mwenye mtungi wa mchanganyiko.

Chumvi haichagui: inaua nyasi, inabaki udongoni, na mvua huishusha hadi visimani. Oili chafu sitaki hata kuijadili.

Leo ni lantana, kesho mtauziwa dawa ya kumaliza gugu maji la Kisumu kwa wiki moja. Mathenge wenyewe, ule mti wa miiba, ulipandwa Baringo miaka ya 1980 kama tiba ya ukame, na wafugaji wakaishia kupeleka mahakamani mbuzi asiye na meno, wakisema maganda yake ndiyo yaliyoyaharibu.

Dawa ya magugu ya kweli ipo. Hupakwa kwa brashi kwenye kisiki papo hapo kikishakatwa, bila kunyunyizia kichaka kizima, na mbali na mkondo wa maji. Ila iwe imesajiliwa na PCPB, bodi ya serikali ya kudhibiti dawa za wadudu na magugu, ndani ya chombo chake, lebo ikisomeka. Iliyomiminwa kwenye chupa ya soda, mrudishieni mwenyewe.