Machapisho ya fani mbili: usiyafiche, yaeleze

Kwa miaka kadhaa nilikuwa na wasifu wa aina mbili. Nikiomba nafasi ya maabara, niliziacha nje makala zangu zote za elimu ya uuguzi. Nikiomba nafasi ya kufundisha wauguzi, niliziondoa zile za kemia ya dawa. Niliogopa kuonekana mtu asiyetulia, mshika mawili. Kama nawe umejikuta katikati ya fani mbili, nakusihi usipite njia hiyo.

Nilianzia kwenye kemia. Kazi yangu ilikuwa kutengeneza molekuli, kubadilisha kipande kimoja cha pembeni, kuipima tena na kuangalia kama nguvu yake imepanda au imeshuka. Baadaye nikapewa somo la dawa kwa wanafunzi wa uuguzi. Siku moja niliandika ubaoni: mgonjwa ameandikiwa mikrogramu 125 za digoksini, dawa ya moyo, kidonge kina miligramu 0.25, mpe vidonge vingapi? Miligramu 0.25 ni mikrogramu 250, kwa hiyo jibu ni nusu kidonge. Nilipopita kati ya madawati nikaona daftari moja ambalo mwenyewe aligawanya 125 kwa 0.25, akapata 500, akajua haiwezekani, akafuta sifuri mbili na kubakiza vidonge 5. Hiyo ni mara kumi ya dozi iliyoandikwa, tena ya dawa ambayo kiwango cha kutibu na cha kudhuru vimekaribiana mno. Maabara nikichanganya nanomola na mikromola, vipimo vinavyopishana mara elfu moja, nitarudia kipimo kesho. Yule mwanafunzi angekuwa wodini, hakuna cha kurudia.

Makala yangu ya kwanza ya elimu ya uuguzi ilitokana na daftari lile. Kumbe nilikuwa naendelea na swali lilelile: kiasi gani cha dawa kinafanya nini mwilini. Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza ni kuandika sentensi mbili au tatu juu kabisa ya orodha ya machapisho yako, ueleze swali linaloziunganisha makala zako. Usimwachie msomaji akisie.

La pili ni mchango wako. Kwenye makala za kemia majina tisa au kumi ni kawaida, na mimi mara nyingi nilikuwa wa nne au wa tano. Mtu wa uuguzi akiona hivyo anadhani nilipita tu. Sasa chini ya kila makala naweka mstari mmoja: nilitengeneza molekuli, nilihoji washiriki, niliandika rasimu ya kwanza. Majarida mengi yanatumia CRediT, mfumo wa kutaja nani alifanya nini kwenye makala, wenye majukumu 14, kwa hiyo maneno yapo tayari. Vilevile mwanakemia akikutana na utafiti wa mahojiano ya watu 14 atauliza mbona ni wachache. Mweleze kwa maneno machache kwamba utafiti wa namna hiyo unatafuta kina cha maelezo.

Jisajili ORCID, hata kama una makala moja tu. Ni namba ya tarakimu 16 inayomtambulisha mtafiti ili kazi zake zisichanganywe na za mwingine, ilianza kutolewa mwaka 2012, na ni bure. Mimi nilichelewa. Ukurasa wangu wa machapisho mtandaoni, uliojazwa na mashine, ulinibebesha makala za mtu mwingine mwenye jina la ukoo na herufi ya kwanza kama zangu, na zangu za uuguzi hazikuwemo hata moja. Niligundua hayo kwenye usaili, mjumbe mmoja aliponiuliza kuhusu utafiti ambao sikuwahi kuufanya. Nilisema ukweli papo hapo, lakini niliona nyuso zikibadilika.

Kuhusu kipimo cha h, alichokipendekeza mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005 (ukiwa na h ya 5, una makala 5 ambazo kila moja imenukuliwa na wengine angalau mara 5), usikitumie kupima fani yako moja dhidi ya nyingine. Kila fani ina kasi yake ya kunukuu. Mimi nilikaribia kuacha uuguzi kwa sababu makala zake zilikuwa zinanukuliwa kidogo, na hilo bado linaniuma nikikumbuka, kwa maana ndizo zilizobadilisha namna tunavyofundisha hesabu za dozi darasani kwangu.

Jambo dogo la mwisho: makala ambayo bado iko kwa wapitiaji, yaani wataalamu wanaoikagua kabla jarida halijaikubali, iweke sehemu yake peke yake, mbali na zilizochapishwa, na ikikataliwa iondoe siku hiyohiyo.