Ukitafuta Nyumba ya Kulelea Mzee Mbeya, Anza na Usiku

Wiki iliyopita dada mmoja wa Iringa aliniandikia. Mama yake kapata kiharusi, upande wa kushoto haufanyi kazi. Ameshaona nyumba mbili za kulelea wazee na anataka nimwambie ipi bora. Akanitumia na picha: vigae vinang'aa, mapazia ya zambarau, televisheni kubwa ukutani. Picha ya choo haikuwemo hata moja.

Dada yangu, pole na kuuguza. Nakujibu hapa kwa sababu si wewe wa kwanza kuuliza, na kwa sababu sisi tuliofanya uamuzi huu huku Nyanda za Juu Kusini tunanong'onezana kama watu walioiba.

Baba yangu ni mtu wa Tukuyu. Alipoanguka tulimleta Mbeya mjini kwa kaka yangu, Ilomba. Ukoo mzima ukaona mambo yamekwisha: mtoto wa kiume yupo, nyumba ipo, mkwe yupo. Wanaotujua Wanyakyusa wameshaona tatizo lilipo. Kwa mila zetu mke wa mtoto hamsogelei baba mkwe. Zamani hata kukaa naye chini ya paa moja ilikuwa mwiko. Siku hizi tumelegeza, wanasalimiana, chakula anampelekea. Lakini kumvua nguo na kumwogesha? Wifi yangu alikuwa analia jikoni. Baba naye akawa anakataa maji ya kunywa, na tukachelewa kuelewa kwamba anajinyima makusudi ili asikojoe. Kaka anaendesha lori, leo Tunduma, kesho Dar. Mimi kazini hadi jioni. Tukaajiri kijana wa kumhudumia, akaondoka bila kuaga. Aliyemfuata sitaki hata kumsimulia.

Ndipo nikaanza kuzunguka.

Pa kwanza palikuwa njia ya Uyole. Pazuri, usibishe. Meneja ana faili lenye picha za rangi, maua getini, harufu ya dawa ya sakafu. Akanitembeza haraka haraka, mimi nikasimama kwenye chumba cha mzee mmoja. Kando ya kitanda palikuwa na kikombe cha uji, umeshapoa na kushika ngozi juu. Kikombe kiliwekwa upande wa mkono wake uliopooza. Aliyekiweka aliweka, akaenda zake, na aliyepita baada yake hakuona. Nikauliza, usiku wanabaki wangapi? Meneja akasema, "Usiku wanalala tu, dada, hakuna kazi." Nikaaga.

Pa pili palikuwa kwa masista. Usafi wa kupigiwa mfano, bustani ya mboga, wazee wanaota jua. Sista akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia kwa upole kwamba wanachukua wazee wasio na mtu, "na baba yako ana wewe." Nililia kwenye bajaji, lakini alikuwa na haki.

Pa tatu ni nyumba ya kawaida tu upande wa Isanga, bati likipigwa na mvua hamsikilizani. Mwenyewe ni muuguzi mstaafu. Sikuonyeshwa faili. Ila nyuma ya mlango wa kila chumba kulikuwa na karatasi ya kumgeuza mgonjwa: saa nne usiku kulia, saa sita kushoto, saa nane chali, na jina la aliyegeuza. Sasa sikiliza, maana hili hutaambiwa na mtu. Angalia kalamu. Karatasi ile ilikuwa na wino wa bluu, mweusi, mahali pengine kalamu imekwama ikakwaruza, na miandiko ni ya watu tofauti. Ukikuta tiki za usiku mzima zimepangwa vizuri kwa kalamu moja na mkono mmoja, ujue kuna mtu aliamka asubuhi akazijaza zote.

Mgonjwa asiyeweza kujigeuza anatakiwa ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, na usiku haujampa likizo. Asipogeuzwa, vidonda vinaanza kwenye visigino, nyonga na juu ya makalio, na kidonda cha namna hiyo kukiponya ni kazi ya miezi. Kwa hiyo omba kuona visigino vya mzee ambaye yupo pale muda mrefu, kwa ridhaa yake. Wakikuzuia kwa maneno mengi, umeshajibiwa.

Mengine utayauliza mwenyewe: usajili wao (afisa ustawi wa jamii wa halmashauri akusaidie kuhakiki), leseni ya muuguzi kutoka Baraza la Uuguzi na Ukunga, choo cha kukaa chenye vyuma vya kushikia. Uliza bei pamoja na pampasi, maana wengine wanakutajia bei tamu halafu pampasi, dawa za presha na sabuni ni juu yako. Na kwa baridi yetu ya mwezi wa sita na wa saba, uliza wanapashaje vyumba joto. Wakikwambia wanaingiza jiko la mkaa usiku na kufunga madirisha, toka mbio. Moshi usioonekana unaua.

Sikiliza pia wanamwitaje. Pa kwanza alikuwa "we babu, kaa vizuri." Isanga binti anayehudumia wazee alipiga goti akamwamkia baba kwanza, ndipo akamgusa. Baba ambaye hakuwa akiongea na mtu akajibu kwa Kinyakyusa, "Ndaga." Mimi nikatoka nje kidogo.

Halafu kikao. Kitaitishwa, jiandae. Baba mdogo alisimama mbele ya watu akasema nimemtupa kaka yake, akaongeza kwamba hata serikali inasema mzee alelewe na familia. Ni kweli, Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inaweka familia mbele na makao kuwa hatua ya mwisho. Nikamwambia sawa, basi mimi nimefika hiyo ya mwisho, wewe ulikuwa ya ngapi? Tangu baba augue hajaleta hata mkungu wa ndizi. Bado inaniuma, na sijamwomba radhi wala simwombi. Baba leo yuko Isanga, anakunywa maji bila kulazimishwa. Wenzangu, acheni kulea wazee kwa kuogopa midomo ya watu! Kama unajua kusema, jua na kuogesha.

Dada wa Iringa, hizo picha sizihitaji. Nenda kote kuwili bila kuwapa taarifa, saa mbili au saa tatu usiku, uulize zamu ni ya nani na ana wagonjwa wangapi. Na usilipe miezi sita mbele hata wakikupunguzia. Niletee majibu yao, ndipo tuzungumze bei.